Kama muuaji anajulikana tangu mwanzo, tunatazama nini? Jibu kwa msomaji kuhusu Double Indemnity

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na pamoja na wenzangu tuna kikundi kidogo kinachokutana Jumamosi mchana kutazama filamu za zamani na kuzijadili. Juzi tulitazama Double Indemnity ya mwaka 1944, kwa sababu kila orodha ya filamu bora za uhalifu inaitaja. Nusu yetu waliipenda sana, nusu walichoka. Waliochoka wanasema muuaji anakiri katika dakika za mwanzo, kwa hiyo hakuna taharuki. Maneno ya msimulizi ni mengi mno. Picha zina giza hadi hatuoni. Wigi la yule mwanamke linachekesha. Mhusika mkuu ambaye hajaoa anaonekana na pete ya ndoa. Na hatukuelewa kwa nini ilikuwa lazima ionekane kwamba mume amefia kwenye treni. Mwalimu mmoja wa kike alisema filamu inamtwika mwanamke dhambi zote. Mwingine akauliza, kama ni bora hivyo, mbona haikupata Oscar hata moja? Je, ni sisi tusiojua kutazama, au sifa zake ni za kurithishana tu? Nilikuwa na mpango wa kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita. Niendelee?"*

Marahaba, mwalimu, na asante kwa swali ulilolipanga vizuri. Ninaona ndani yake wasiwasi wa aina mbili: kwamba huenda kikundi chenu kimekosa ufunguo fulani walio nao watazamaji wa kwingine, au kwamba ufunguo huo haupo kabisa na watu wanaisifu filamu hii kwa kuwa waliowatangulia waliisifu. Niseme mapema msimamo wangu. Ninaihesabu Double Indemnity kuwa miongoni mwa filamu za uhalifu zilizotungwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote ninazozijua, na hata hivyo baadhi ya lawama mlizozitoa ni za haki kabisa. Zilizobaki zinatokana na kuitazama huku mkisubiri kitu ambacho haikukusudia kuwapa. Kwa kuwa mmeshaitazama, nitaujadili mwisho wake bila kuuficha.

Kwanza ondoeni hofu ya kwamba uchovu wenu ni dalili ya ugeni. Filamu hii ilipofika New York mwezi Septemba 1944, Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times, alikiri kwamba wapenzi wa hadithi za mauaji wangeburudika nayo, lakini akalalamikia urefu wake na mwendo wake unaochosha. Na kati ya wahusika wote, aliyemwona anastahili kujaliwa ni afisa wa bima aliyeigizwa na Edward G. Robinson. Kate Smith, mwimbaji aliyependwa sana katika redio za Marekani, yeye aliwahimiza watu wasiende kabisa kuitazama, kwa sababu za kimaadili. Kwa hiyo mgawanyiko uliotokea kwenye kikundi chenu ulikuwapo tangu watazamaji wa mwanzo, waliozungumza lugha ya wahusika na kuvaa kofia kama zao. Kumbukeni hasa jina la Robinson katika hukumu ya Crowther, maana huyo mhakiki, hata katika kuchoka kwake, aligusa mahali penyewe.

Tuanze na lawama kubwa kuliko zote, ya kwamba muuaji anajulikana. Sisi tuliokulia kwenye riwaya za upelelezi za Kiswahili, kuanzia zile za Bwana Msa alizotunga Muhammed Said Abdulla, tumezoea makubaliano fulani kati ya mwandishi na msomaji: tukio linatokea mapema, mhusika wake anafichwa, na raha yetu ni kushindana na mpelelezi kumpata kabla ya ukurasa wa mwisho. Double Indemnity inayavunja makubaliano hayo makusudi. Katika dakika zake za kwanza Walter Neff, wakala wa bima wa Los Angeles anayeigizwa na Fred MacMurray, anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi begani, anaketi mbele ya mashine ya kurekodia sauti, na kueleza kwamba ndiye aliyemuua mteja wake Dietrichson kwa ajili ya fedha na mwanamke, na kwamba vyote viwili amevikosa. Baada ya hapo hakuna tena fumbo la nani aliyeua. Swali linalobaki, na ndilo linaloibeba filamu kwa dakika 107, ni kwa nini mtu aliyejeruhiwa hivyo, ambaye angeweza kwenda kwa daktari au kukimbilia mpakani Mexico, anatumia saa zake za mwisho za uhuru kuzungumza na mashine, na anazungumza ili asikiwe na nani.

Anayeambiwa ni Barton Keyes, anayeigizwa na huyohuyo Robinson, afisa wa madai wa kampuni hiyohiyo, ambaye kazi yake ni kunusa ulaghai wa wateja, na ambaye amemtazama Neff kwa miaka mingi kama mtu angemtazama mdogo wake. Rudieni kuitazama filamu mkimfuata Keyes na sigara yake nene. Kila mara anaitia mdomoni, anajipapasa mifukoni kutafuta kiberiti, hakioni, na kila mara Neff anawasha njiti kwa ukucha wa dole gumba na kumsogezea moto. Hakuna anayelisemea jambo hilo, nalo linarudiwa mpaka mtazamaji analizoea na kuacha kuliona. Mwishoni Neff ameanguka mlangoni pa ofisi, nguvu zimemwisha, anamwambia Keyes kwamba hakuweza kumgundua mhalifu kwa sababu alikuwa karibu mno, ng'ambo tu ya meza, na Keyes anamjibu kwamba alikuwa karibu zaidi ya hapo. Neff anatia sigara mdomoni na kushindwa kuiwasha. Safari hii ni Keyes anayeinama na kuwasha njiti kwa ukucha. Mtazamaji aliyekuwa akisubiri kufichuliwa kwa siri atauona mwisho huu kuwa mdogo. Aliyekuwa akiwatazama wanaume hawa wawili atajua kwamba hadithi ya mapenzi iliyo nzito kuliko zote katika filamu hii ilikuwa ya urafiki wao, na kwamba usaliti uliomuuma Neff ni ule aliomfanyia rafiki yake.

Mwongozaji, Billy Wilder, alikuwa ameshatengeneza mwisho mwingine. Alijengewa studioni mfano wa chumba cha gesi cha kuulia wafungwa waliohukumiwa kifo California, kwa gharama kubwa, akapiga picha za Neff akiuawa humo huku Keyes akishuhudia, kisha akaiondoa sehemu hiyo yote. Ile njiti ya kiberiti ilikuwa imeshamaliza kila kitu. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba aliyeitengeneza alijua uzito wa filamu yake umekaa wapi.

Ipo pia sababu ya kihistoria iliyofanya mwisho unaojulikana mapema usiwe hasara. Kuanzia 1934 studio za Marekani zilibanwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi ya Joseph Breen, na kanuni hizo hazikuruhusu mhalifu amalize filamu akiwa salama. Mtazamaji wa 1944 aliketi kitini akijua kwamba wauaji hawataponea. James M. Cain, aliyetunga hadithi hii na kuichapisha kwa mafungu katika jarida la Liberty mwaka 1936, aliona jinsi studio zilivyoitamani katikati ya miaka ya 1930 na jinsi ofisi ya Breen ilivyowaonya wasiiguse. Ilichukua hadi 1943 Wilder kupata idhini ya kuipiga picha. Mimi ninaona kwamba uamuzi wa kuanza na kukiri ulikuwa njia ya kuigeuza amri ya ofisi ile kuwa sanaa: ikiwa adhabu ni lazima na kila mtu anaijua, basi iwekwe mlangoni, na akili ya mtazamaji ielekezwe kwingine. Wewe unayefundisha mbinu rejeshi darasani utaona mara moja kwamba hapa haikutumiwa kupamba masimulizi. Kila kicheko cha Neff na kila anapojidai kwa Phyllis, mke wa Dietrichson, tunakitazama tukijua kinakoishia, na ujuzi huo unalibadilisha tendo lenyewe.

Kama taharuki mnayoitafuta ni ile ya moyo kwenda mbio, nayo ipo, ila imehamishwa kutoka kwenye "nani" kwenda kwenye "je, watapona sasa hivi?" Kumbukeni baada ya mauaji: mwili umeshalazwa relini ili mume aonekane alianguka kutoka kwenye treni, Neff na Phyllis wamerudi garini, Phyllis anawasha gari na gari halishiki. Anajaribu tena, injini inakoroma na kufa. Kuna nyuso mbili tu zinazotazamana gizani. Kisha Neff ananyoosha mkono, anazungusha ufunguo, na gari linawaka. Waulize wenzako wakati ule walitaka nini. Karibu kila mtazamaji niliyepata kujadiliana naye anakiri kwamba alitaka gari liwake, yaani aliwatakia mema watu waliotoka kumnyonga mtu aliyevunjika mguu na kutembea kwa magongo. Filamu imetufanya tuwe upande wa wauaji bila kutuomba ruhusa, na huo ndio ustadi ambao orodha zile zinausifu bila kuueleza.

Sasa treni, maana msipoielewa bima hamtauelewa mpango mzima. Hati aliyouziwa Dietrichson bila yeye kujua ni ya bima ya ajali, yenye thamani ya dola 50,000, na ndani yake kuna kifungu, ile double indemnity ya jina la filamu, kinachosema kwamba ajali za aina fulani zitalipwa maradufu. Kampuni haiahidi maradufu kwa ukarimu. Inaahidi kwa sababu ajali hizo, kama ya treni, hutokea mara chache sana, kwa hiyo ahadi inavutia wateja huku ikigharimu kidogo. Neff anayajua mahesabu hayo, ndiyo maana anashikilia treni: zawadi inapanda kufikia dola 100,000. Lakini hapo ndipo wanapojitega wenyewe, kwa kuwa ajali inayolipa zaidi ndiyo ileile ambayo mtaalamu wa madai atashtuka akiiona. Bosi wao anapodai kwamba Dietrichson alijiua, Keyes anamsambaratisha kwa takwimu, akimkumbusha kwamba treni ilikuwa ikienda taratibu mno kwa mtu anayetaka kujiua. Halafu, akiwa ameshaiokoa hoja ya wauaji bila kujua, anakosa usingizi kwa jambo dogo: mtu aliyekuwa na bima ya ajali alivunjika mguu, na hakudai hata senti. Ina maana hakujua kama ana bima. Ninalipenda sana wazo hilo, kwa sababu halihitaji alama za vidole wala shahidi. Linahitaji mtu anayejua kazi yake na kuiheshimu.

Hapo pia mtapata jibu la kwa nini Neff aliua, swali ambalo naona limejificha nyuma ya malalamiko yenu. Fedha na mwanamke ndivyo anavyovitaja mwenyewe, lakini mahali pengine anajilinganisha na mtumishi wa gurudumu la kamari aliyekaa miaka akiwachunga wateja wasiibe, hadi usiku mmoja akaanza kuwaza jinsi ambavyo yeye angeiibia nyumba. Alitaka kuona kama anaweza kumshinda Keyes. Mume wa Phyllis alikuwa nyenzo tu.

Kuhusu wingi wa maneno, mimi ninaupenda, lakini ninakubali kwamba unachosha asiyefuata Kiingereza cha mitaani cha Marekani ya wakati ule. Muswada uliandikwa na Wilder pamoja na Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya za upelelezi ambaye hakuwa amewahi kuandika filamu, na hawakupatana hata kidogo. Chandler ndiye aliyesisitiza kwamba mazungumzo ya Cain, matamu kitabuni, yanakufa yakitamkwa na waigizaji, hivyo yakaandikwa upya, mafupi, ya kurushiana kama mpira. Mtazamaji akikosa sentensi moja amekosa na jibu lake. Tafuteni nakala yenye maandishi ya mazungumzo chini ya picha, hata kama wote mnakijua Kiingereza, na mtaona jinsi filamu inavyoharakisha ghafla. Chandler mwenyewe, kwa njia, anaonekana kwa sekunde chache akiwa ameketi nje ya ofisi ya Keyes akisoma, wakati Neff anapita.

Giza mlilolalamikia huenda halikuwa la filamu kabisa. Umesema mnakutana Jumamosi mchana. Kama mnatumia projekta, jueni kwamba projekta haina uwezo wa kurusha weusi ukutani. Weusi tunaouona ni mahali ambapo mwanga haukufika, na mwanga wa dirishani ukiingia, mahali hapo panageuka kijivu na kila kivuli kinakuwa ukungu. Filamu za rangi zinavumilia hali hiyo kwa kiasi. Kazi ya John F. Seitz, mpigapicha mkuu wa filamu hii, haivumilii, kwa sababu amezieleza habari nyingi kwa vivuli: michirizi ya mapazia ya vibao inayomwangukia Neff mwilini kama nondo za gereza, na vumbi linaloelea kwenye mwanga wa sebule ya akina Dietrichson, ambalo lilipatikana kwa kupuliza chembechembe za alumini hewani ili nyumba ionekane imechoka. Nakala zilizobanwa sana ili ziwe nyepesi huharibu sehemu hizohizo za giza kwanza. Zibeni madirisha kwa mapazia mazito au subirini jua lizame, mtafute nakala safi, kisha mhukumu upya.

Wigi na pete ninaviweka pamoja, na katika vyote viwili wenzako wana haki kwa sehemu. Barbara Stanwyck, aliyemwigiza Phyllis, alivishwa wigi la rangi ya dhahabu kwa matakwa ya Wilder, na mkuu mmoja wa studio ya Paramount, Buddy DeSylva, alilikejeli palepale akisema kwamba walimlipa Stanwyck wakaletewa George Washington. Wapo wanaolitetea kuwa linaonyesha ubandia wa Phyllis, na mimi ninaelekea kukubaliana nao, kwa kuwa kila alicho nacho mwilini, hadi kikuku cha mguuni ambacho Neff anakiona kabla hajaujua moyo wake, kimevaliwa ili kitazamwe. Ila sitamlazimisha mtu asicheke. Pete ni kosa tu: MacMurray alikuwa mume wa mtu, na hakuivua. Yupo atakayewaambia kwamba ni ishara ya siri. Msimwamini. Vilevile mlango wa nyumba ya Neff unafunguka kuelekea kwenye ujia, jambo ambalo milango ya nyumba za aina ile haifanyi, ili Phyllis apate kujificha nyuma yake Keyes anapotoka. Hilo Wilder alilitenda kwa kukusudia, na kwa ajili ya mandhari yale ninamsamehe kwa moyo mweupe.

Hoja ya mwalimu wa kike ndiyo nzito kuliko zote mlizozitoa, na ningependa kikundi chenu kiipe muda kuliko pete na wigi. Phyllis anajengwa kama mwanamke anayewaangamiza wanaume, mhusika aliyerudiwarudiwa katika filamu za uhalifu za miaka hiyo hadi akawa mazoea. Nyuma yake kuna mwanamke wa kweli, Ruth Snyder wa New York, ambaye mwaka 1927 alimuua mumewe kwa msaada wa mpenzi wake Judd Gray baada ya kumkatia bima yenye kifungu hichohicho cha maradufu. Wote wawili waliuawa katika kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing mwezi Januari 1928, lakini picha iliyojaza ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily News, iliyopigwa kwa kamera iliyofichwa mguuni, ilikuwa ya mwanamke. Cain alikuwa mwandishi wa habari katika jiji hilo wakati huo. Mwelekeo wa kumtazama mwanamke zaidi ya mwanamume katika kosa la watu wawili ulikuwapo, basi, kabla ya filamu.

Lakini kabla ya kuihukumu filamu, mwulizeni msimulizi wake ana maslahi gani. Karibu yote tunayoyajua juu ya Phyllis tunayapata kwa Neff, mtu aliyemuua, anayejieleza kwa rafiki ambaye anataka amsikitikie. Ni nani aliyependekeza treni? Nani aliyenyonga? Sauti ya Neff inayapitia mambo hayo haraka na kurudi kwenye manukato na kikuku. Tazameni tena wakati wa mauaji, maana kamera haimwonyeshi anayenyongwa wala anayenyonga. Inabaki kwenye uso wa Stanwyck akiwa kwenye usukani, macho mbele, na kitu fulani kinapita usoni pake ambacho wengine wanakiona kuwa raha na mimi ninakiona kuwa ni utulivu wa mtu aliyesubiri muda mrefu. Hata hivyo sitadai kwamba hoja ya msimulizi inaifutia filamu lawama yote. Lola, binti wa kambo, analeta habari za kifo cha mama yake ambazo zinamfanya Phyllis kuwa muuaji wa tangu zamani, na filamu haitupi sababu ya kutomwamini Lola. Mwenzako ameona kitu ambacho kipo. Mkibishana naye, mbishane kwa mandhari, tena mtaje mandhari gani.

Oscar ni suala jepesi. Filamu iliteuliwa katika vipengele saba, vikiwamo vya filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kike, muswada na upigaji picha, ikatoka mikono mitupu. Iliyoshinda, Going My Way, ni hadithi ya upole ya padri, iliyotoka studio hiyohiyo ya Paramount, katika mwaka ambao watu wengi walikuwa na ndugu vitani. Mwaka uliofuata Wilder alishinda kwa filamu nyingine. Sifa za Double Indemnity zilikua kwa njia tofauti. Majira ya joto ya 1946 filamu za Marekani zilizozuiwa Ufaransa wakati wa vita zilifika Paris kwa mkupuo, na mhakiki Nino Frank, alipozitazama kadhaa kwa karibu, hii ikiwa mojawapo, aliona zinafanana kwa giza lake na kwa namna zinavyojali tabia ya mhalifu kuliko fumbo la uhalifu. Ndiye anayetajwa kuziita noir, yaani “nyeusi” kwa Kifaransa. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Kwa hiyo sifa zimerithishwa, ndiyo, lakini chanzo chake ni watu walioitazama wakiwa hawajaambiwa na yeyote kwamba ni bora.

Nikiulizwa mimi nalalamikia nini, nitasema Lola na mpenzi wake Zachetti. Kila wanapoingia filamu inalegea. Wameandikwa kwa ajili ya kazi wanayotakiwa kuifanya katika mpango, na Zachetti hasa hana uhai wake mwenyewe. Nitaongeza kwamba ubaridi uliomsumbua Crowther ni wa kweli. Mtu anayehitaji kumpenda mhusika ili ashikwe na hadithi anaweza kuitazama hii mara tatu na asishikwe, na hakuna ufundi wa kutazama utakaombadilisha, msimlazimishe.

Mkikutana tena, ningewashauri mtazame mandhari tatu tu, si filamu nzima: gari linalokataa kuwaka, mlango wa ujia, na njiti ya mwisho. Kila anayetoa maoni aanze kwa kueleza alichokiona na kukisikia kabla ya kusema kama amekipenda. Mtashangaa ni maoni mangapi yatabadilika, na ni yapi yatakuwa magumu zaidi kuyapinga. Mkikwama, msiishie kwenye kusoma maandishi yangu wala ya mtu mwingine. Vyuo vikuu vyenye idara za sanaa na filamu vina wahadhiri ambao wakialikwa vizuri huja, na saa moja ya mtu anayesimamisha picha na kuuliza "mwanga huu unatoka wapi?" itawafaa kuliko kurasa nyingi.

Kuhusu wanafunzi, mimi ningeendelea, lakini kwa kidato cha sita tu na kwa maandalizi. Filamu haionyeshi damu nyingi wala utupu. Inachokionyesha ni uzinzi na mauaji yanayopangwa kwa utulivu, ambayo wanafunzi wa umri huo wanakutana nayo katika tamthiliya wanazosoma. Ninalotaka ulitilie maanani ni hotuba ya Keyes kwa bosi wake, inayoorodhesha kwa kasi njia ambazo watu hujiua. Ilikusudiwa kuonyesha ujuzi wake, lakini sikio la kijana aliye katika wakati mgumu linaweza kuisikia vingine. Zungumza mapema na mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yenu, ana kwa ana, umweleze mandhari hayo na kumwomba awepo. Na kama kuna mwanafunzi aliyefiwa na mzazi kwa mauaji au kwa kujiua, mpe nafasi ya kutohudhuria bila kumtangaza mbele ya wenzake.

Pata ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi. Ukitaka kualika wazazi au watu wa nje, hilo linakuwa onyesho la hadhara: mwone kwanza afisa utamaduni wa halmashauri yenu akueleze taratibu za Bodi ya Filamu, na ulizia suala la hakimiliki, kwa kuwa filamu nyingi za Paramount za kabla ya 1950, hii ikiwamo, zina mwenyewe hadi leo, nayo ni studio ya Universal. Kama ratiba inakupa vipindi viwili tu vya mfululizo, usiikimbize. Simamisha pale gari linapowaka, ambapo ni karibu nusu ya filamu, waandike aya moja kueleza walikuwa upande wa nani na kwa nini, uzikusanye aya hizo, na uwarudishie kabla ya kuwaonyesha nusu ya pili.